Ukuta Ambao Bibi Hakuuegemea

Bibi yangu alikuwa na kikapu cha ukindu ambacho hakumpa mtu mwingine kukibeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mdogo wa kushikwa mkono, tulikuwa tukitoka sokoni Lamu na kikapu kimejaa, na tukifika uwanja wa Mkunguni alikuwa akichoka. Alitua kikapu chini, akapangusa uso kwa ncha ya leso, akasimama juani. Kivuli cha ngome kilikuwa hatua chache tu kutoka alipo, kipana na baridi. Hakukiendea hata siku moja. Mara moja nilikimbilia huko, nikauweka mgongo wangu ukutani, na bado naukumbuka ubaridi wa lile jiwe kupita kwenye shati. Bibi akaniita kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia kwangu.

"Toka hapo. Humo mna watu."

Sikuelewa. Nilidhani anasema majini. Ni baadaye nilipojua kwamba alimaanisha watu kweli, wenye majina na mama zao. Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu 1910, na bibi alizaliwa na kuzeeka ikiwa jela. Kwake jengo lile halikuwa historia ya mtu yeyote. Lilikuwa mlango ambao kijana wa mtaa aliingizwa, na mama yake akasimama nje na sahani iliyofunikwa kawa, akisubiri askari aseme ndiyo au la.

Nimeandika mara nyingi hapa kuhusu majumba ya mji wetu, milango yake na madaka yake, lakini ngome nimeikwepa. Ni jengo kubwa kuliko yote mjini na kila mgeni ana picha yake. Nilihisi halinihitaji. Mwaka huu tumeanza kuitengeneza nyumba yetu wenyewe ya mtaa wa Mkomani, na kila ninapokwangua ukuta namkumbuka ami yangu akiwa kijana, amejaa chokaa hadi kwenye kope, akirudi kutoka ngomeni jioni. Kwa hiyo nianze huko.

Kila mtoto wa Lamu hukua na kisa cha Vita vya Shela. Mwanzoni mwa karne ya 19, Pate, dola ya kisiwa jirani, ndiyo iliyokuwa ikijiona mkubwa wa visiwa hivi, na Mazrui, watawala wa Mombasa, wakaungana nayo kuitia Lamu adabu. Jeshi likashuka Shela, kijiji ambacho leo mtu hukiendea kwa miguu kupitia ufukoni kabla jua halijawa kali. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakiongozwa na Bwana Zahidi Mngumi, wakalirudisha nyuma hadi mchangani. Wavamizi walipofika huko, maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vyao vilikuwa vimekaa kwenye mchanga mkavu na hapakuwa na pa kukimbilia. Wazee wetu walikuwa wakisema mifupa ilionekana kwenye vilima vya mchanga wa Shela miaka na miaka baada ya hapo. Na kwa sababu ni pwani ya Waswahili, vita hivyo vilipiganwa kwa mashairi pia: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Bwana Zahidi upande wa Amu, kila mmoja akimchoma mwenzake kwa vina.

Ushindi ule uliwatia watu hofu kuliko ambavyo kushindwa kungewatia. Pate bado ilikuwepo, na Mombasa bado ilikuwepo. Waamu wakamwendea Seyyid Said bin Sultan wa Oman wakimwomba awakinge, naye akatuma liwali na askari. Ngome ikajengwa kati ya 1813 na 1821 hivi. Iko simulizi nyingine, kwamba misingi ilianza mapema zaidi kwa amri ya Fumo Madi, mfalme wa Pate, na kwamba alifariki mwaka 1809 kabla ghorofa ya kwanza haijatimia. Mimi naipenda simulizi hii hata kama wengine wanaipinga, kwa sababu inalifanya jengo liwe limeanzwa na adui na kumalizwa na waliomshinda. Hakuna jambo la Kiamu kuliko hilo.

Ukiitazama leo, utashangaa kwa nini ngome ya kulinda bandari iko ndani ya mji, imezibwa na majengo upande wa bahari. Haikujengwa hapo ilipo sasa, kwa maana kwamba "hapo" kumehama. Zamani maji yalikuja karibu na mlango wake. Ufuko ulijazwa pole pole, takataka na mawe na kifusi vikasogeza pwani, majengo yakapandwa juu ya kilichokuwa bahari, na ngome ikabaki nyuma kama mzee aliyeketishwa safu ya pili. Mitaa ya zamani kwa hakika iko nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu, na ukitembea kutoka huko kwenda ufukoni unavuka karne mbili kwa dakika mbili.

Karne ile ya 19 Lamu ilitajirika. Pembe za ndovu, boriti za mikoko, nafaka kutoka mashamba ya bara. Lazima tuseme waziwazi nani alilima mashamba yale. Walikuwa watumwa, na nyumba nyingi tunazozisifia kwa vidaka vyake vilivyochongwa zilisimama kwa jasho lao. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907 na biashara kubwa zikawa zimehamia Mombasa na reli yake, mji ulinyamaza. Waingereza walikuta jengo lenye kuta nene, mlango mmoja na uwanja wa ndani uliozungukwa pande zote. Wakaona jela. Miaka mitatu baadaye ilikuwa jela kweli.

Kuanzia 1910 hadi 1984. Serikali ya kikoloni iliitumia, uhuru ukaja mwaka 1963, na serikali yetu ikaendelea kuitumia vilevile. Miaka 74. Hesabu ndogo inaniumiza kila mara: tangu ngome ilipomalizika hadi ilipofanywa jela ilikuwa imepita miaka 89 hivi. Karibu nusu ya umri wake kufikia siku ile ya kufunguliwa ilikuwa imetumika kufungia watu. Ndiyo maana bibi hakukosea aliposimama juani.

Mwaka 1984 jengo likakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kazi ya kulikarabati ikafanyika kwa msaada wa SIDA, shirika la maendeleo la Sweden. Miaka miwili baadaye mji mkongwe ukatangazwa rasmi kuwa urithi unaolindwa kisheria, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye vibao. Ninayoyakumbuka mimi ni ami kupata kibarua.

Alikuwa mwashi mchanga, mtoto wa mwashi, na wakati ule uwashi wa kizamani haukuwa ukimpa mtu chakula. Kila mwenye fedha alikuwa akitaka saruji. Saruji ilikuja katika mifuko, ilikauka kesho yake, na ilikuwa na jina la maendeleo. Chokaa ilikuwa ya wazee. Halafu ghafla likatokea jengo kubwa kuliko yote mjini, na waliolisimamia wakawa wanawatafuta wazee hao hao. Ami alisema siku ya kwanza aliona mafundi ambao alidhani wameshaacha kazi wakija na mwiko mkononi, wamevaa kanzu safi kana kwamba wanakwenda kumposa mtu.

Nataka kukaa kidogo kwenye chokaa, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo lote na ndiyo kitu ambacho watu wengi wanaoishi ndani ya nyumba za chokaa hawakijui.

Jiwe letu ni tumbawe. Liko la aina mbili: lile linalotolewa baharini likiwa bichi, jepesi na laini kiasi cha kuchongeka kwa shoka dogo, ambalo likikauka huwa gumu, na lile la nchi kavu, tumbawe la kale lililogeuka mwamba, linalochimbwa Manda ng'ambo ya mlangobahari. Jiwe hilo hilo ukilichoma linakuwa chokaa. Hupangwa magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, moto ukawashwa katikati. Moto huo lazima ufike nyuzi 900 za Selsiasi hivi. Jiwe likiwa ndani ya joto hilo hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa kiumbe hai baharini, na kinachobaki ni donge jeupe, jepesi, lenye njaa ya maji. Ukilimwagia maji hulia, hufoka, hupasuka, huvukiza moshi. Ami alikuwa akitukataza kusogea. Baada ya hapo chokaa hulowekwa na kuachwa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini, na mafundi wa zamani walikuwa wakiiacha kwa miezi.

Halafu ikipakwa ukutani huanza kurudi. Inavuta ile hewa ya kaboni kutoka angani, taratibu, wiki kwa wiki, na inageuka tena kuwa jiwe lile lile ililokuwa. Ukuta wa chokaa ni tumbawe lililochomwa, likafanywa uji, likarudi kuwa tumbawe mikononi mwa mtu. Sijui kitu kingine kilichotengenezwa na binadamu kinachonishangaza kama hiki.

Haraka ndiyo inayoiharibu. Tabaka likipakwa nene sana, nje hukauka na ndani bado pabichi, ukuta ukapasuka. Jua kali likiupiga siku ile ile, vilevile. Kwa hiyo mafundi hupaka jembamba, wakafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, wakasubiri, wakapaka tena. Ami alisema kwamba wiki za mwanzo za ngomeni kazi yake kubwa ilikuwa kumwagia maji ukuta ambao mtu mwingine ameupaka. Alikereka. Alikuwa na miaka 20 na kidogo na alitaka kushika mwiko.

"Nilidhani wananidharau," aliniambia juzi, tumekaa uani. "Kumbe ndio walikuwa wananifunza. Ukimwagia maji ukuta mwezi mzima, unaujua ukuta unavyokunywa."

Dari nazo zina hesabu yake. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe bapa ya tumbawe, juu ya mawe kokoto na chokaa iliyoshindiliwa. Boriti ya mkoko haina urefu usio na mwisho, na ikiwa ndefu sana hupinda kwa uzito huo wote. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Mgeni huingia akasema mjenzi alipenda vyumba vyembamba. Mkoko ndio uliopima chumba. Hata ngome ya sultani ilibidi itii urefu wa mti uliokatwa kwenye matope ya Lamu.

Sasa kuhusu saruji. Hapa nina dhambi ya nyumbani kuisema.

Nyumba yetu iko Mkomani, na baba aliirithi kwa babu yake. Miaka ya 1990 ukuta wa chini upande wa kisima ulianza kumomonyoka. Ami alisema upakwe chokaa. Baba alikuwa na fedha kidogo ambazo hakuwa nazo kabla, na aliona haya kupaka chokaa wakati jirani ana saruji. Akaita fundi mwingine. Ukuta ukapakwa saruji futi sita kutoka chini, ukanyooka, ukang'aa, na baba akawa anawaonyesha wageni. Ami hakuja nyumbani kwa karibu mwaka mzima.

Ukuta wa tumbawe hunywa maji kutoka ardhini. Huwezi kuuzuia, hauna msingi wa kuzuia unyevu, na ardhi ya kisiwa ina chumvi. Ukiwa umepakwa chokaa, unyevu hupanda, hutokeza usoni, hukauka kwa upepo, na chumvi hubaki juu ambapo unaweza kuipangusa kwa ufagio. Chokaa humong'onyoka kidogo kidogo kila mwaka, unaipaka upya, na jiwe linabaki salama. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Hupanda juu zaidi kutafuta njia. Chumvi hukauka ndani ya vitundu vya jiwe, huwa fuwele, fuwele hukua, na jiwe huvunjika unga nyuma ya plasta ambayo kwa nje bado inang'aa. Halafu unyevu hufikia vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, navyo vikaoza pasipo mtu kuona.

Sisi tulikuja kujua usiku mmoja wa masika, dari ya chumba cha ndani ilipokaa upande. Hakuna aliyeumia. Tulipogonga saruji ikatoka vipande vikubwa kama sahani, na nyuma yake palikuwa na mchanga. Ukuta wa babu wa baba yangu ulikuwa mchanga. Baba alisimama pale na taa mkononi, na nilimwona akiutia mkono ndani ukutani hadi kwenye kiwiko.

Sisemi hili kumlaumu marehemu. Nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zimevaa shati hilo hilo na wenyewe bado hawajagonga. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka wakati ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Siku ile ami hakula chakula cha mchana. Alirudia kutazama ile picha ya mnara ukiwa umetoweka, kisha akatoka akaenda Mkunguni, akakaa mbele ya ngome hadi magharibi.

Narudi ngomeni. Watu wanapozungumzia ukarabati huzungumzia kuta, na kuta nimezisema. Lakini lilikuwepo tatizo jingine lililokuwa gumu kuliko chumvi. Jengo lilitengenezwa, likapakwa, ukumbi wa ndani ukawa safi na mweupe, na watu hawakuingia. Namaanisha watu wa mji. Wageni waliingia na kamera zao. Mama zetu walipita wakaangalia upande wa soko. Mzee mmoja aliyewahi kufungwa humo kwa kesi ndogo alikuwa akizunguka njia ya nyuma ili asione mlango.

Kilichobadilisha mambo ni matumizi, na naamini waliokata shauri hilo walifanya kazi kubwa kuliko ya plasta. Ikawekwa maktaba. Watoto wa shule wakaanza kwenda kusoma jioni, kwa sababu palikuwa na meza na palikuwa na utulivu. Mtoto akienda, mama atamfuata kumtafuta. Yakawekwa maonyesho kuhusu mazingira yetu wenyewe, bahari na mikoko na samaki. Mikutano ya mji ikafanywa humo. Shughuli zikaanza kufanywa katika uwanja wa ndani, na hatimaye arusi.

Arusi ya binamu yangu ndiyo iliyompeleka bibi. Alikataa kwanza. Alisema ataipokea arusi nyumbani, wala hatakwenda kula pilau gerezani. Binamu yangu alilia. Mama akamwambia bibi, "Mama, utamwacha mtoto aolewe bila ya wewe?" Bibi akanyamaza siku nzima, kisha akaomba buibui lake litolewe sandukuni.

Tulipita mlangoni mimi nimemshika mkono, kama alivyokuwa akinishika. Ndani palikuwa pamewashwa taa, wanawake wamejaa, vigelegele vinagonga kuta nne na kurudi. Alisimama kwenye kizingiti kwa muda mrefu sana. Watu walitupita pande zote. Nilidhani atageuka. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kile chumba cha pale pembeni kilikuwa cha nini. Nikamwambia ni chumba cha vitabu. Akasema, "Kaka yangu alikuwa huku." Alikuwa hajawahi kunitajia kaka.

Aliketi kwenye mkeka karibu na ukuta. Sikumwona akiuegemea. Lakini baadaye, ngoma ilipochanganya, nilimwona amenyoosha mkono nyuma, kiganja kimelala juu ya chokaa, na anakipitisha taratibu juu na chini, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Ami alikuwa upande wa wanaume hakuona. Nilimwambia usiku ule ule. Hakusema neno, aliniuliza tu ulikuwa ukuta upi.

Bibi amefariki, na baba naye. Ami yuko, magoti yamemchosha lakini macho hayajamchosha. Nyumba ya Mkomani ni zamu yangu. Saruji yote tumeibandua hadi kwenye jiwe, na ukuta tumeuacha uchi kwa miezi ili utoe chumvi yake. Tunaupangusa kwa ufagio kila Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa unga mweupe unapungua. Boriti nne zilizooza vichwa zinangoja kubadilishwa. Chokaa tumeileta kutoka Manda kwa mashua, tukaizimisha uani, na majirani wakaja kuitazama inavyofoka. Vijana wawili wa mtaani wameomba kufunzwa. Ami amewapa ndoo na kuwaonyesha kisima.

Shimo la chokaa tumelifunika kwa makuti na magunia. Nilitaka tulifungue mwezi ujao. Ami ameingiza kijiti, amekitoa, amekitazama juani akikigeuza, na amesema mpaka masika yapite.